Pofu wa Maganda ya Mahindi

Sisi wa Tunduma kuvuka mpaka ni kazi ya kila siku: asubuhi Nakonde, upande wa Zambia, jioni nyumbani. Bidhaa za majirani tunazijua, bei zake tunazijua, ila ufundi wao mmoja hatujautazama kwa makini unavyostahili. Nazungumzia Gule Wamkulu, ngoma ya Wachewa wa Malawi ya kati, mashariki ya Zambia na Msumbiji. Humo mtu huingia ndani ya mnyama, na kwa muda wote wa ngoma hakuna anayemwita kwa jina lake la kibinadamu.

Kazi huanzia dambwe, kichaka cha karibu na makaburi, ambako wanachama wa nyau, chama cha siri chenye ngoma hii, peke yao ndio wenye ruhusa ya kuingia. Huko wanasuka. Fito zinapindwa na kufungwa mpaka mgongo uonekane, kisha shingo, kisha pembe. Juu yake yanapangwa maganda ya mahindi, tabaka juu ya tabaka, kama fundi anavyoezeka paa. Ni maganda yale yale ambayo huku Mbozi na Momba tunawaachia ng'ombe.

Anayenivutia kuliko wote ni Kasiya maliro, mnyama wa umbo la pofu anayekuja msibani. Mavazi yake yanafika hadi chini, kwa hiyo miguu ya aliye ndani haionekani, na hapo ndipo ulipo ugumu. Mtu akitembea, bega hupanda na kushuka. Pofu huyu hatakiwi kupanda wala kushuka. Anateleza, anageuka ghafla, anazunguka vumbi likitimka, na mzigo wote uko mwilini mwa mtu anayeona kwa shida. Hatua moja ikikosewa, watazamaji wanakumbuka kwamba ndani kuna jirani yao. Tembo, njobvu, ni mtihani mwingine: wanaume kadhaa wanabeba mwili mmoja na lazima wapumzike pamoja, waanze pamoja.

Wapiga ngoma nao wana mzigo wao. Wanapasha ngozi motoni hadi sauti ikaze, halafu macho yao hayabanduki kwa mnyama. Wanawake wanaimba na kupiga makofi, wakimwita na kumjibu. Bila sauti zao, lile ni kapu kubwa tu.

Wengine nao wamejaribu kuwaigiza wanyama: mwaka 1886 Mfaransa Camille Saint-Saëns alitunga muziki wa wanyama, na tembo akamkabidhi kwa kontrabasi. Tungo lile nalipenda. Lakini pale mpigaji anabaki mtu mwenye ala mkononi. Wachewa wamekwenda mbali zaidi, na wana sababu: masimulizi yao ya Kaphirintiwa yanasema watu na wanyama waliishi kwa amani hadi mtu alipogundua moto na wanyama wakakimbia. Katika ngoma wanyama wanarudi kijijini.

Wamisionari walijitahidi kuizima, wakashindwa. Wanaume wengi wa Kichewa leo wako kanisani na wako nyau. UNESCO iliitambua ngoma hii mwaka 2005. Msibani si mahali pa mgeni kwenda kushangaa, lakini sherehe ya Kulamba, ambako ngoma hii huchezwa, iko wazi: mwishoni mwa Agosti, Mkaika, wilayani Katete, mashariki ya Zambia, mbele ya Kalonga Gawa Undi, mfalme wa Wachewa. Kutoka Nakonde ni safari ndefu, na mimi naiona inafaa nauli yake.