Tazama Ncha, Usitazame Mng'aro

Huku Mgwashi, kwenye milima ya Usambara, hakuna bahari, lakini mbao za nje za nyumba zake zinapata taabu zilezile zinazoipata mashua. Asubuhi ukungu hupanda kutoka mabondeni ukalowesha milango, madirisha na fisha bodi. Mchana jua la mlimani, likitoka, hukausha kilicholowa. Jioni ukungu hurudi. Ubao ukilowa hutanuka, ukikauka husinyaa, na vanishi isiyoweza kufuata mwendo huo hupasuka. Kwa hiyo anayejenga huku Usambara na kutaka kazi ya kudumu aikague kama mvuvi wa Pangani anavyokagua mashua ya kununua: aache uso, atafute pale ambapo mkono wa fundi ulichoka.

Pale ni kwenye ncha. Mti ukiwa hai hupandisha maji kwa vijibomba vyembamba vinavyofuata urefu wa shina. Ubao ukikatwa, vijibomba hivyo hubaki wazi kwenye ncha zake mbili, navyo hunywa maji kwa kasi kubwa kuliko uso wa ubao, tena kwa mbali sana. Kwenye mlango ncha hizo ziko juu na chini, mahali pasipoonwa na mgeni. Kwenye dirisha ziko chini ya miimo, inapokalia kitako. Kwenye fisha bodi ziko kwenye maungio na pembe za paa. Kabla mlango haujatundikwa kwenye bawaba, pitisha kidole upande wa chini. Ukikutana na mikwaruzo ya msumeno na vumbi, ujue umepakwa kwa ajili ya macho ya mnunuzi tu. Kama umeshatundikwa, weka kioo kidogo cha kunyolea sakafuni, utazame. Kuna mafundi watakaocheka. Anayejua kazi yake hatacheka, atakushikia tochi.

Ncha iliyotunzwa utaitambua. Imepigwa msasa kama uso, ikanyweshwa vanishi iliyozimuliwa kwa tapentaini, nusu kwa nusu, tena na tena mpaka ikakataa kunywa, ndipo ikawekewa tabaka zilezile za uso. Kazi hiyo, ukiacha muda wa kukauka, haichukui hata nusu saa, na sijui jambo jingine katika useremala lenye gharama ndogo namna hiyo na faida kubwa namna hiyo.

Ukimaliza ncha, uliza mti. Kamfa, ambayo Wasambaa huiita mkulo na wataalamu wa mimea huiita Ocotea usambarensis kwa jina la milima hii, ni mbao ya kuheshimiwa. Utaikuta kwenye milango ya zamani, na ikipigwa randa bado hunukia. Tamaa ya mbao za huku ni ya siku nyingi: kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walijenga njia ya kamba za chuma kuteremsha mierezi ya Shume hadi Mkumbara, kwenye reli ya Tanga. Leo misitu ya asili inalindwa, kwa hiyo ukiletewa kamfa mpya, omba kwanza kuona kibali. Mbao nyingi utakazouziwa ni saiprasi na paini za mashamba ya miti. Moyo wa saiprasi huvumilia nje kiasi. Paini isiyotiwa dawa haivumilii, hata ipakwe nini. Msaji wa Longuza, kule Muheza, ni mzuri kuliko zote hizo kwa kazi ya nje, lakini una mafuta yake ya asili: usipofutwa kwa thina muda mfupi kabla ya kupakwa, vanishi huushika kwa shingo upande.

Kisha pima ubichi. Kuvu hawashiki ubao wenye maji chini ya asilimia 20, na unaofaa kupakwa uwe kwenye asilimia 15 hivi. Mafundi wachache wana kifaa cha kupimia. Shavu kila mtu analo. Gusisha ubao mkavu unaoujua, kisha gusisha ule unaouziwa. Mbichi utausikia wa baridi. Vanishi iliyopakwa juu ya ubao wa namna hiyo hufunga maji ndani, na jua likipiga yanatafuta njia ya kutoka kwa kuinua malengelenge.

Sasa ndipo utazame uso, tena kwa kuinamisha kichwa ili mwanga uteleze juu yake kutoka ubavuni. Utaona mikwaruzo ya msasa iliyokwenda kinyume cha nyuzi, vumbi lililonaswa, matone yaliyoteremka na kuganda. Hayo ni makosa ya sura, nayasamehe upesi. Nisilolisamehe ni klia ya makochi kupakwa mlango wa nje. Hukauka haraka na kung'aa vizuri, fundi akalipwa siku hiyohiyo. Lakini ni ngumu, haitanuki na ubao, na haina kinga dhidi ya jua. Jua hupenya, likavunja ile gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mti, na vanishi ikabaki imeshikilia vumbi. Vanishi ya nje, ile ya mabaharia, huachwa laini kidogo makusudi na hutiwa kinga ya jua. Kwenye vyombo vya baharini hupakwa tabaka sita, nane, hata zaidi, kila moja ikipigwa msasa mwembamba wa namba 220 kabla ya inayofuata. Mlango ulio ndani ya veranda unaweza kuridhika na nne.

Jaribio la mwisho la uso ni tone la maji. Likikaa juu limejikunja, vanishi iko hai. Likitandaa na kuacha ubao umekuwa mweusi chini yake, imekufa, hata kama bado inang'aa.

Wajenzi wa vyombo wa pwani hawakuhangaika na mng'aro. Chini ya maji walipaka deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa; juu walisugua sifa, mafuta ya ini la papa, ambayo harufu yake aliyewahi kuisikia hahitaji kuelezwa. Sifa haing'ai, ila haibanduki pia: ikiisha, unasugua nyingine juu yake bila kukwangua kitu. Kwa fisha bodi, ambayo hakuna atakayepanda ngazi kuikwangua kila mwaka, hukumu yangu ni hiyohiyo ya pwani: mafuta ya kitani yaliyotiwa rangi, vanishi hapana. Oili chafu ya gari nayo naikataa. Hufukuza mchwa kwa muda, lakini siku ukibadili nia hakuna rangi itakayoshika.

Kazi ya kupaka upya ndiyo yenye udanganyifu mwingi. Ubao uliogeuka kijivu umekufa juu, na lazima upigwe msasa hadi rangi yake halisi irudi. Fundi mvivu hupaka juu ya ukijivu, na vanishi nzito huuficha kwa miezi michache. Pitisha kiganja: ukigonga ngazi ndogo ndogo, hizo ni kingo za vanishi ya zamani iliyokuwa ikibanduka, ikafunikwa. Tazama pia misumari. Ule wa kawaida kwenye mkaratusi huacha doa jeusi, na puti juu yake haitibu. Fundi wa jahazi huviringisha pamba yenye mafuta chini ya kichwa cha msumari kabla ya kumaliza kuugonga, na sijaona kwa nini wa mlango asifanye hivyo.

Usisubiri ibanduke. Mng'aro ukianza kufifia, msasa mwepesi na tabaka mbili hutosha. Chagua Januari au Februari, kabla ya masika, anza ukungu ukishatoweka na umande ukishakauka, na uweke brashi chini mapema alasiri, kwa sababu ukungu wa jioni ukikuta vanishi haijakauka huiachia weupe kama wa maziwa.

Kabla ya kuacha mlango wako kwenye karakana, angalia matambara. Yaliyolowa mafuta ya kitani, yakikunjwa na kurundikwa, hujipasha moto yenyewe hadi kuwaka bila kiberiti. Yatandazwe nje au yatumbukizwe kwenye ndoo ya maji. Ukiyakuta yamesukumwa pembeni kwenye maranda, beba mlango wako urudi nao nyumbani.