Fununu, Tetesi na Uvumi: Maneno ya Baraza Juu ya Mwenye Klabu

Aghalabu wahakiki wetu huyatafuta maneno mazuri ya watu ngomani, harusini, na katika hadithi za bibi wakati wa usiku. Ni wachache waliokaa kitako juu ya benchi la muuza kahawa, Kariakoo, siku iliyovuma habari kwamba tajiri fulani ataka kuitwaa klabu. Naona hapo tumepata hasara. Mabishano ya washabiki yana ufundi wake, yana kanuni zake, na yana hila zake. Tena yanahusu jambo zito, nalo ni kujua kitu kilicholelewa na watu wengi kwa muda mrefu ni cha nani. Katika insha hii nataka kuyapima maneno hayo kama tupimavyo maneno ya ngonjera au ya utani: wapi yana nguvu, wapi yamelegea, na wapi yanamdanganya hata mwenye kuyasema.

Kwa msomaji asiyefuata mpira yafaa niseme kidogo. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936. Hii ya pili ilipitia majina mengine, Sunderland likiwa mojawapo, kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971. Zote mbili zilikuwa vyama vya wanachama: mtu alitoa ada, akapewa kadi, akaenda mkutanoni kupiga kura na, mara nyingine, kupiga kelele. Wafadhili walikuwapo, lakini mfadhili alitoa fedha akaondoka na shukrani. Mambo yalianza kugeuka mwaka 2016, Yusuf Manji, mwenyekiti wa Yanga wakati huo, alipotaka kuikodi klabu kwa miaka 10. Mpango ule haukufika mbali. Agosti 2017 wanachama wa Simba walikubali mkutanoni kubadili mfumo wa klabu yao, na Desemba ya mwaka ule Mohammed Dewji akatangazwa mshindi wa zabuni: shilingi bilioni 20 kwa asilimia 49 ya hisa, asilimia 51 zikibaki kwa wanachama, kwa kuwa serikali ilitaka sehemu kubwa isiwatoke. Mwaka 2021 Yanga nao walipitisha mabadiliko ya namna hiyo katika katiba yao. Kati ya tarehe hizo pamejaa miezi mingi ya kungoja, na miezi ya kungoja ndiyo shamba la uvumi.

Lugha yetu ina ngazi tatu za habari isiyo na hakika, na baraza nilijualo huzipanda kwa utaratibu. Asubuhi huja fununu: neno lisilo na umbo, mtu kaona gari la fahari limesimama Msimbazi. Adhuhuri huwa tetesi. Jina hili linamkumbusha msikiaji kuteta, yaani kusemezana pembeni, na kweli tetesi husemwa kwa kuinamisha kichwa. Jioni imekuwa uvumi, na uvumi watoka katika kuvuma, kama uvumavyo upepo, au ngoma, au nyuki. Hauna haja ya mdomo wa mtu mmoja. Lile gari la asubuhi sasa ni magari matatu, na ndani yake mlikuwa na wanasheria. Hakuna aliyesema uongo mzima. Kila mmoja ameongeza kidogo tu, kiasi cha kumlipa mwenziwe aliyempa habari, kama malenga aongezavyo ubeti ili asionekane amepokea bure.

Lakini ufundi mkubwa umo katika sarufi. Mbishi wa barazani ni mchoyo wa -ta-. Hasemi "tajiri atanunua"; husema "ameshanunua", "fedha zimeshaingia", "wazee wameshasaini". Jambo ambalo halijatokea huvikwa nguo ya jambo lililotimia, na anayetaka kulikanusha hujikuta akishindana na yaliyopita, ambayo ni magumu kuliko yajayo. Pamoja na hilo huja kitenzi kisicho na mtendaji: inasemekana, imesikika, imejulikana. Wanafunzi hufundishwa kwamba kauli hii huonyesha kuwezekana kwa tendo. Barazani kazi yake ni kumficha msemaji. Nilipata kumwuliza kijana mmoja, "Inasemekana na nani?" Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu," akasema, "wewe umesoma mno."

Tazama vilevile kiambishi tu-. Habari ni ileile, siku ni ileile. Upande mmoja husema "tumepata mwekezaji", upande wa pili husema "tumeuzwa". Huyu wa pili hasemi klabu imeuzwa, kama asemavyo nyumba imeuzwa au shamba limeuzwa. Husema tumeuzwa sisi, watu. Na katika pwani hii habari ya watu kuuzwa haikuanzia kwenye mpira. Sidhani kwamba msemaji hukusudia kutukumbusha masoko ya utumwa. Hata hivyo kitenzi kina kumbukumbu yake, na ndiyo sababu neno hilo, likitamkwa kwa sauti ya chini na mtu mzima, hunyamazisha benchi zima kwa kitambo. Katika maneno yote niliyoyasikia pale, hili ndilo lenye ushairi mwingi kuliko yote, na limesemwa na watu ambao hawajapata kujiita washairi.

Methali zisipotumika baraza si baraza, na hapa sina budi kulaumu. Anayemtaka tajiri husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Asiyemtaka humjibu kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu hucheka, na mshindi ni yule aliyewahi kucheka mwisho. Lakini kwa kuchagua methali hizo pande zote mbili zimekwisha kukubaliana, pasipo kujua, kwamba tajiri ni mgeni na wao ndio wenyeji. Hilo ndilo lililokuwa swali! Limepitwa katika kicheko. Ubaya zaidi ni methali ya kufungia mazungumzo: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni kauli nzuri kwa masikio, imepimwa vizuri, lakini kwa hoja ni kufuli. Habari ikithibitika, methali imeshinda. Isipothibitika, methali inangoja. Mtu hawezi kubishana na kitu kisichoweza kukosea, na mzee mwenye busara aliyeitunga, nadhani, aliikusudia iwe onyo la kutupa macho mbele, wala hakuitoa iwe cheti cha kila neno lipitalo njiani.

Sitiari ipendwayo kuliko nyingine ni ya ndoa. Zabuni huitwa posa; wajumbe huitwa washenga; bilioni 20 ni mahari. Miaka ile washabiki walipoulizana kama fedha zimekwisha kutolewa au bado, nilimsikia fundi cherehani mmoja akiuliza, "Bibi arusi kaingia ndani, shangwe zimepigwa, mahari tumeiona?" Ni swali lenye makali, wala silidharau. Ila sitiari yenyewe ina kasoro kubwa. Mahari si bei, na mke hagawanywi katika 49 na 51. Ukiiita biashara ndoa, umeifunika kwa heshima ambayo haikuitafuta, na atakayeomba kuona hesabu ataonekana mfidhuli aliyekuja kuvuruga arusi ya watu. Sitiari ya nyumba, iliyoshamiri siku za mpango wa kukodi, ni bora zaidi, ingawa haina manukato. Nyumba ina mwenyewe na ina mpangaji. Mtu aweza kuuliza ni nani atakayeziba paa, na mkataba ukiisha rangi iliyopakwa ni ya nani. Mzee mmoja, mwanachama wa zamani, alimwambia kijana aliyeusifu mpango ule, "Mpangaji wa miaka 10, mwanangu, watoto wa mtaani humdhani ndiye mwenye nyumba." Sijui tasnifu ngapi zimesema zaidi ya hayo juu ya tofauti ya kumiliki na kutumia.

Ugomvi huu, kwa kweli, si wa jana. Katika miaka ya 1970 Yanga waligawanyika, na makundi yao yakaitwa Raizoni na Kandambili: upande mmoja viatu vya visigino virefu vilivyokuwa fahari ya vijana wa mjini, upande wa pili malapa ya mpira ya mtu wa kawaida. Hakuna aliyeandika risala ya matabaka. Watu walitazama miguu tu. Kandambili likabaki hata leo kuwa neno la utani ambalo Simba huwatupia Yanga wote, wenye visigino na wasio navyo. Baadaye ukaja mfarakano mwingine, na majina yake hayakuhitaji kufasiriwa: Yanga Asili na Yanga Kampuni. Mabishano yote ya leo ya hisa yamo katika maneno hayo mawili. Na tusisahau kwamba Yanga hujiita Wananchi. Ni jina zuri, lakini ni jina linalodai. Kila ifikapo tetesi ya tajiri, mtani wa Simba huuliza wananchi wamepewa risiti gani. Yanga naye humkumbusha ni klabu ya nani iliyotangulia kwenye zabuni. Utani hapa umefanya kazi ambayo mikutano mikuu huishindwa: umeuliza.

Kwa kulinganisha, nitaje baraza la pili, ambalo hukaa mbele ya televisheni. Novemba 2022 ukoo wa Glazer, uliokuwa na Manchester United tangu mwaka 2005, ulitangaza kwamba huenda ukauza. Mwaka mzima vijana wa Dar es Salaam walibishana juu ya Sheikh Jassim wa Qatar kana kwamba atakuja kupanga nyumba jirani, hata alipojitoa Oktoba 2023. Na Desemba ya mwaka huo Jim Ratcliffe akakubaliwa kununua asilimia 25. Maneno yao yalikuwa mepesi na ya kuchekesha zaidi, tena yenye takwimu nyingi. Lakini sikumsikia hata mmoja akisema tumeuzwa kwa ile sauti ya chini. Hawakuwa na kadi, wala kura, wala mkutano wa kususia. Asiye na cha kupoteza huwa fasaha kwa urahisi, na msomaji wa mashairi hana haja ya kuelezwa jambo hilo.

Marehemu baba yangu alikuwa na kadi. Klabu gani sitaitaja, kwa sababu nina wanafunzi wa pande zote mbili na mitihani iko karibu. Kadi ile ninayo katika sanduku, pamoja na cheti chake cha ndoa, na kingo zake zimelainika kama kitambaa. Nimekuwa nikijiambia kwamba naenda barazani kama mhakiki. Si kweli kabisa. Naenda kwa sababu sijui kadi ile ilikuwa hati ya kumiliki kitu au risiti ya mapenzi tu, na katiba nilizosoma hazikuniondolea shaka. Asilimia 51 ni namba iliyo wazi ikisemwa jukwaani. Ikishushwa hadi kwa mtu mmoja mmoja, mwenye tawi lake na ada yake, hugeuka kuwa ukungu.

Yule fundi cherehani ndiye aliyelisema. Jioni moja, uvumi ukiwa umekwisha kupanda ngazi zake zote, aliweka kikombe chini akaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na miwani, "Mwalimu, 51 ni zetu. Haya. Katika hizo, yangu mimi ni ipi?" Benchi likanyamaza, wote wakanitazama. Nilikuwa nimeshika kalamu na daftari, nimeandika kurasa mbili juu ya kauli isiyo na mtendaji. Nikamjibu, "Inasemekana zitagawanywa karibuni." Akatikisa kichwa, ameridhika, akageuka kumpasha habari jirani yake. Sikuwa nimeisikia kwa mtu yeyote.