Fundi Asiyetuliwaza

Kazi ya mwandishi wa riwaya ni kumkalisha msomaji mbele ya jambo ambalo angependa kulikwepa, asiinuke mpaka amelitazama. Kwa kipimo hicho Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944 na kufariki Dar es Salaam mwaka 2020, ndiye fundi mkubwa kuliko wote wa riwaya ya Kiswahili baada ya uhuru. Shaaban Robert, mwandishi aliyemtangulia, alitufundisha kuamini kwamba mwema hulipwa. Kezilahabi alithubutu kuuliza: asipolipwa je?

Ufundi huo ulikomaa katika Kichwamaji, riwaya yake ya mwaka 1974. Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, ana kinyongo na Manase, aliyempa mimba dada yake Rukia. Mwandishi hatuhubirii juu ya kisasi. Anamwozesha Kazimoto kwa Sabina, ndugu wa Manase, kisha anawapa mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi, kama yule wa Manase. Mshtaki na mshtakiwa wanajikuta ukoo mmoja, wenye msiba mmoja. Haya yote anayasimulia Kazimoto mwenyewe, kwa sentensi fupi zisizoomba huruma. Miaka kumi kabla yake, Oe Kenzaburo wa Japani, ambaye mwanawe alizaliwa mwaka 1963 na uvimbe mkubwa kichwani, alitoa riwaya juu ya kijana wa Tokyo, Bird, anayeota kusafiri Afrika na anayepata mtoto wa namna hiyo hiyo. Bird analewa, anatamani mtoto afe, lakini mwishowe anamchukua amlee. Kazimoto anajiua. Je, Mjapani ndiye jasiri na wetu ni mwoga? Sikubali. Oe aliandikia watu waliokwisha kuona miji yao ikiteketea mwaka 1945. Hawakuhitaji kuambiwa kwamba kuna kilichoharibika, ila namna ya kuishi nacho. Kezilahabi aliandika miaka saba baada ya Azimio la Arusha, wakati vijiji vya ujamaa vikijengwa kwa amri na fasihi ikitarajiwa kushangilia. Hapa petu ujasiri ulikuwa kusema tu kwamba mtoto amezaliwa mgonjwa.

Wapo waliosema anapotosha vijana, na Rosa Mistika, riwaya yake ya kwanza ya mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni. Lakini anayemwangamiza Rosa ni nani, kama si kwanza Zakaria, baba mlevi anayempiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana? Riwaya hiyo inawaonya wazazi zaidi ya inavyowachochea mabinti. Nakiri kwamba kifo cha Rosa kimeharakishwa kidogo, na kwamba mwandishi huyu huwahi kuwaua wahusika wake. Katika Kichwamaji tu ndipo kifo kinapoonekana kimekua ndani ya hadithi yenyewe. Lawama nyingine ni kwamba mawazo yake ni ya Ulaya, ya Sartre na Camus. Oe naye alimsoma Sartre, tena akiwa mwanafunzi wa fasihi ya Kifaransa Chuo Kikuu cha Tokyo, na hakuna anayesema kwamba kijiji chake cha Shikoku si cha Kijapani. Shaka ya Kazimoto imezaliwa Ukerewe, kati ya shule ya wamisheni na hofu ya uchawi, na haikuhitaji visa kuingia nchini.

Baadaye, katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), aliivunja hata njia ya kusimulia aliyoimudu, akaandika vitabu vyembamba vya ndoto, falsafa na dunia iliyoangamia. Ni vigumu, na wengi wameishia mlangoni. Basi wewe mwalimu wa Kiswahili, uwe kata ya Picha ya Ndege au ya Maneromango, usimwanzishe mwanafunzi huko. Mpe kwanza Kichwamaji, nzima, bila muhtasari wa mtihani, na umwache abishane na Kazimoto mpaka ukurasa wa mwisho.