Fundi wa Dizeli Hupimwa Kabla ya Kushika Spana

Pikapu ya zamani ya dizeli haianzi kula mafuta kwa siku moja. Hilux ya injini ya 3L, ile ya sentimita za ujazo 2,779 iliyozagaa mashambani na mijini kote Tanzania na Kenya, hupungua polepole, hadi siku ambayo tenki lililokuwa likimtoa mwenyewe Dar es Salaam na kumfikisha Dodoma na akiba juu linawasha taa kabla hajauona mji. Gari linawaka, linatembea, halilii kwa namna ya ajabu. Ugonjwa usio na kelele ndio unaoonyesha tofauti kati ya fundi na mbadilisha spea, na mwenye gari anaweza kuiona tofauti hiyo hata kama hajawahi kufungua boneti.

Fundi mzuri huanza kwa maswali. Atauliza unapata kilomita ngapi kwa lita, kisha atauliza ulipimaje. Ukimjibu kwa mshale wa dashibodi hatakubali, na ana haki. Kipimo ni kimoja: jaza tenki mpaka bomba la kituo likate lenyewe, andika kilomita, tembea angalau nusu tenki, rudi kwenye pampu ileile, mahali palepale palipo tambarare, jaza tena, kisha gawanya. Hilux ya 3L iliyo nzima, ikiendeshwa kwa utulivu kwenye lami, hutoa kilomita kama 9 hadi 11 kwa lita. Ikitoa 7 ikiwa imebeba mahindi kwenye mchanga, hiyo si hitilafu, ni kazi.

Atauliza pia matairi. Ukifunga tairi ambayo mzunguko wake ni mkubwa kwa asilimia 10, safari ya kilomita 500 itasomeka kama 455 hivi, na injini italaumiwa kwa kosa la hesabu. Atauliza gari linatembea wapi siku hizi. Njombe, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko pwani. Injini isiyo na turbo hupata dizeli ileile kwa hewa pungufu, nayo hutoa moshi mweusi bila kuumwa. Fundi asiyeuliza lolote kati ya haya atakuwa anabahatisha, hata akiwa na mikono myepesi namna gani.

Dalili ya pili ya ubora ni kwamba injini haiguswi kwanza. Fundi hodari ataliendesha gari, aliache lipunguze mwendo lenyewe, kisha ashuke na kupitisha kiganja karibu na kila rimu. Iliyo ya moto kuliko wenzake ina breki inayokwama. Atapiga jeki na kuzungusha kila tairi kwa mkono. Katika pikapu za zamani kebo ya hendibreki hushika kutu na hairudi, pistoni za breki hukauka, na gari linavutana na breki zake lenyewe kutwa nzima. Nimeona pampu nyingi za injini zikishushwa wakati adui alikuwa kwenye duramu ya nyuma. Baada ya hapo ni upepo wa matairi, alaimenti, na zile free hub za mbele zilizoachwa zimefungwa tangu msimu wa mvua. Klachi hupimwa mlimani: ukikanyaga mafuta kwenye gia ya nne na injini ikapandisha mizunguko bila gari kuongeza mwendo, dizeli yako inaunguza sahani ya klachi.

Ndipo aje kwenye hewa na joto. Chujio la hewa kila mtu analijua. Anayejua zaidi huvuta mpira ulio baada ya chujio na kupitisha kidole ndani yake. Akikuta vumbi hapo, chujio halizibi vizuri, na vumbi hilo limekwisha kuanza kusaga ringi.

Kuhusu thamostati nitasema kwa nguvu, kwa sababu hapa gereji zetu nyingi zinaharibu. Injini ikichemsha mara moja, thamostati hutolewa na kutupwa, na mteja huambiwa kuwa kile ni kifaa cha nchi za baridi. Si kweli. Injini hii imeundwa kufanya kazi maji yakiwa kwenye nyuzi themanini na kitu za Selsiasi. Thamostati ikiondolewa, injini hubaki vuguvugu barabarani, dizeli haiungui vizuri, oili hubaki nzito na silinda huchakaa mapema. Mshale wa joto unaokaa chini saa zote ni ushahidi tosha. Kilichokuwa kikichemsha injini mara nyingi ni rejeta iliyoziba, feni iliyolegea au kifuniko kisichoshika presha, na hayo bado yapo palepale. Fundi akikupa hoja ya nchi za baridi, mshukuru na uondoke.

Moshi nao husomwa. Mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa. Mweupe wenye harufu kali inayochoma macho ni dizeli isiyoungua, aghalabu kwa sababu inaingia ikiwa imechelewa. Wa buluu ni oili.

Sasa tufike kwenye nozeli na pampu, ambako ufundi wenyewe umelala. Nazungumzia injini za pampu ya kuzunguka, ile ya mtindo wa Bosch VE, wala si zile za kompyuta zilizokuja baadaye. Nozeli nzuri ikifungwa kwenye mashine ya kupimia hufunguka kwa mlio mkavu wa kukatakata, hutoa ukungu mwembamba ulionyooka kama koni, halafu hukata papo hapo. Nozeli mbovu hutoa uzi wa dizeli, au hupiga upande mmoja, au ncha yake inabaki na tone. Kipimo kinachotenganisha wenye kujua na wengine ni cha kuvuja: presha hushikiliwa chini kidogo ya ile ya kufungulia, kwa sekunde 10, na ncha lazima ibaki kavu. Omba usimame pale uone zote nne. Fundi anayejiamini atakusogezea hata kiti. Zikirudishwa, washa za chini ziwe mpya. Anayerudisha za zamani anaokoa fedha ndogo na kukuachia mvujo wa kompresheni.

Pampu yenyewe ina skrubu ya kiwango cha mafuta, iliyofungwa kwa lakiri kiwandani. Tazama lakiri hiyo kabla ya kununua pikapu yoyote. Ikiwa imevunjwa, kuna mtu aliongeza dizeli ili apate nguvu. Na fundi ambaye malalamiko ya mafuta humfanya aishike skrubu hiyo kwanza, aipunguze kidogo na kukuambia jaribu, hajatibu chochote. Gari litakosa nguvu, utakanyaga zaidi, utapanda mlima wa Kitonga kwa gia ya chini, na mwisho wa mwezi hesabu itakuwa ileile.

Fundi wa kweli huuliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ulaji ukianza baada ya kazi hiyo, huenda mkanda umekaa jino moja pembeni. Atatoa plagi ya nyuma ya pampu, afunge geji ya mshale na kusoma mwendo wa plunja huku silinda ya kwanza ikiwa juu. Kuna wanaoizungusha pampu kwa sikio mpaka mlio uwapendeze. Sikio zuri husaidia kushuku. Kupima ni kazi ya geji.

Halafu atauliza unajaza wapi. Pampu hii ya injini haina oili yake. Hulainishwa na dizeli inayopita ndani. Mafuta ya taa yakichanganywa, ulainisho hupungua, vyuma vya ndani huchakaa, presha ya ndani inashuka, na kwa kuwa presha hiyo ndiyo inayowahisha taimingi, dizeli huanza kuchelewa. Tena lita ya mafuta ya taa ni nyepesi na ina nishati kidogo. Uchakachuaji ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Tanzania, kupitia mamlaka yake ya udhibiti wa nishati, EWURA, ilianza kuweka vinasaba vya utambuzi kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuondoa faida ya kuchanganya. Pampu zilizoharibika kabla ya hapo bado zimo barabarani.

Neno oveholi lisitajwe kabla ya kompresheni kupimwa. Kwenye 3L, silinda nzima husoma kama kilo 32 kwa sentimita ya mraba. Chini ya 20 injini imechoka, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 5. Ataje namba za silinda zote nne na aziandike. Asiye na geji ya dizeli hana haki ya kukuuzia ringi.

Kazi ikiisha, dai spea zote zilizotolewa, hata zilizochafuka, pamoja na karatasi ya vipimo kama pampu ilipandishwa kwenye mashine. Kisha rudi kwenye kituo kilekile na upime tenki kwa tenki. Na akikuta kwamba tatizo lilikuwa kebo ya hendibreki tu, akaipaka grisi na kukurudishia gari bila kubadilisha chochote, mlipe fedha nzuri ya kupima. Tukiendelea kulipia spea peke yake, mafundi wataendelea kutuuzia spea.