Kiingereza cha Njia ya Lupanga

Kitenzi cha Kiingereza hugeuka maana kwa neno dogo linalokifuata. "Give" ni kutoa. "Give up" ni kukata tamaa. "Give in" ni kusalimu amri. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alikiri kwamba miungano hii ndiyo inayowasumbua wageni kuliko kitu kingine. Kuimudu ni ufundi wa sikio, na Morogoro ina mafundi wake: vijana wanaoongoza watalii kupanda milima ya Uluguru.

Kiingereza wanachotoka nacho sekondari ni cha vitabuni, chenye "postpone" na "ascend". Mgeni aliyekuja kutafuta ndege wasiopatikana popote duniani ila Uluguru hasemi hivyo. Yeye husema "put off" na "go up", tena haraka, na aliyefaulu vizuri mtihani wa kidato cha nne anaweza kusimama njiani Morningside, kwenye miteremko ya milima hiyo, asijue ameombwa nini.

Mlima wenyewe humfundisha. Kilele cha Lupanga kimezidi mita 2,100. Njia yake ni kali, udongo unateleza, na sehemu nyingine mizizi ndiyo ngazi. Humo "up", "down" na "back" ni mambo ya mwili kabla ya kuwa sarufi. Mwongozaji akisikia pumzi za mgeni zinakatika husema "slow down". Aliyeachwa nyuma husubiriwa ili "catch up". Penye utelezi mkono wa mgeni hupelekwa kwenye mzizi kwa "hold on". Maana ya mwili ikishakaa, ile ya kufumba haina taabu. Kijana huyo akiambiwa "hold on" kwenye simu, anaelewa kuwa anaombwa asubiri kidogo. Si vyote vinavyonyooka hivyo: "put up with", yaani kuvumilia, haitokani na njia yoyote ya mlimani, na dawa yake ni kuikariri tu.

Msemaji wa Kiswahili ana mtaji ambao shule hazimkumbushi vya kutosha. Amekua akifunga na kufungua, akipanga na kupangua. Anajua kwamba kipande kidogo mwishoni hupindua kitenzi kizima. Amepiga simu, amepiga pasi, amepiga hodi, wala hakuna aliyeumia. Kwa nini basi ashangae kwamba "take off" ni kuvua koti na pia ni ndege kuruka? Hata "pick it up", inayowakwaza wengi kwa sababu "it" lazima ikae katikati, ina jamaa yake katika "nimeliokota", ambamo kinachookotwa kimekaa katikati vilevile.

Kinachobaki kigumu ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "turn back" uzito huangukia "back". Sikio lililozoea kitenzi peke yake huacha kusikiliza mapema mno. Ndiyo maana daftari la mwanafunzi hodari halina orodha ya maneno. Lina sentensi nzima kama ilivyotamkwa, mahali iliposemwa, na pembeni nahau ya Kiswahili inayoijibu. Penye "you're pulling my leg" haandiki habari za mguu. Anaandika "unanitania", na Mluguru, aliyelelewa katika utani, hahitaji maelezo zaidi.

Daraja la juu la ufundi huu ni kuchagua. Mawingu yakifunika kilele alasiri, mwongozaji ana njia kadhaa za kusema safari imekwisha. "Give up" humshtaki mgeni kwa unyonge. "Turn back" ni sahihi, ila ni amri kavu. "Let's call it a day" huifunga kazi ya siku kama iliyotosha, na kundi huteremka kuelekea mjini bila mtu kujiona ameshindwa.