Lisilosemeka: Neno na Dhima Yake

Wanafunzi wetu wana neno moja walipendalo kupita kiasi. Mwandishi wa insha akifika mahali pazito, penye msiba, vita, njaa au mapenzi, huandika kwamba "hali ilikuwa haisemeki", akatia nukta, akahamia aya nyingine. Nasi walimu, tukiri ukweli, mara nyingi tumempa alama nzuri kwa kudhani kwamba ameonyesha ufundi. Katika makala haya twataka kuuliza neno hilo lina maana gani hasa, na ni nani mwenye haki ya kulitumia.

Tuanze na umbo lake. Kiambishi kinachozaa vitenzi kama kuvunjika na kupitika kina kazi mbili. Tusemapo "kikombe kimevunjika" twaeleza hali ya kitu. Tusemapo "njia haipitiki" twaeleza lisilowezekana. Kusemeka kumo katika kundi hili la pili. Sasa tuangalie vizuri: mtu asemaye kwamba njia haipitiki hazungumzii miguu yake, bali njia yenyewe. Dosari aiweka katika njia. Wala hawezi kuyasema hayo kwa haki ila yeye au mwenziwe awe amekwisha kujaribu kupita, magurudumu yakazama topeni. Mzigo usiobebeka nao hujulikana hivyo kwa mabega ya waliojaribu kuubeba. Kwa hiyo "haisemeki" ni neno la ushahidi: lashuhudia kwamba kusema kulijaribiwa kukashindikana.

Hapo ndipo lipotofautiana na jamaa zake. "Siwezi kusema" ni ungamo la msemaji: upungufu ni wake, si wa jambo. "Haifai kusemwa" ni hukumu ya adabu: jambo lasemeka sana, ila mahali au wasikilizaji hawaruhusu. "Isiyo kifani" yatokana na kufanana. Aitumiaye adai kuwa amelinganisha asipate cha kufanana nacho. "Isiyo kiasi" yakana kipimo. Maneno haya manne, pamoja na "isiyosemeka", hutupwa katika insha kana kwamba ni mamoja, hali kila moja lina dai lake, na kila dai lataka kazi yake kwanza.

Tukitaka kuona kazi hiyo ikifanywa, tumtazame Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika Al-Inkishafi. Mbele yake palikuwa na maangamizi ya Pate, mji uliokuwa na fahari kubwa. Kama ni jambo la kumfanya mtu anyamaze, ni hilo. Lakini mshairi hakukimbilia kusema kwamba hayasemeki. Aliuita moyo wake, akautembeza nyumba kwa nyumba: taa zilizokuwa ziking'aa, madaka yaliyopangwa vyombo vya kaure na sasa yamekuwa viota vya ndege, popo waliorithi vyumba vya mabwana. Msomaji afikapo mwisho ndiye ahisiye uzito usio na jina. Kimya hicho kimejengwa kwa vitu vilivyotajwa. Shaaban Robert naye, alipofiwa na mkewe, hakutuambia kwamba huzuni yake haielezeki. Alimlilia Amina kwa jina katika shairi lililobeba jina hilo hilo.

Huenda mtu akatuambia kwamba huu ni ugomvi mdogo wa sarufi. Sisi twaona sivyo, hasa katika nchi zetu hizi. Kila mwaka mwezi wa Aprili, Rwanda hukumbuka mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na shuleni vijana waliozaliwa baadaye huandika juu yake. Wengi huandika "mambo yasiyosemeka". Lakini mambo hayo yalisemwa. Mahakama ya Kimataifa iliyoketi Arusha ilisikiliza mashahidi miaka mingi hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Katika hukumu yake ya mwaka 1998 dhidi ya Jean-Paul Akayesu, ililazimika kupima maana ya maneno ya Kinyarwanda, moja baada ya jingine, yakiwamo yale waliyoyatumia wanawake kueleza kunajisiwa. Mengine yalikuwa ya mafumbo, kwa maana adabu iliyafunika. Jingine, gufata ku ngufu, hata sikio la Mswahili laweza kulisikia lisemavyo. Lililofaa kwa haya ya nyumbani halikutosha mbele ya haki. Ingekuwa wanawake wale wameishia kusema kwamba hayasemeki, ni nani angalihukumiwa kwa kosa hilo?

Hatusemi kwamba aliyeokoka hana ruhusa ya kunyamaza. Yeye anayo, tena kuliko sisi sote, na akatizapo maneno yake katikati, twapaswa kuinamisha vichwa. Amejaribu njia ile kwa miguu yake. Tunalolikataa ni sisi ambao hatukuwapo kuazima kimya chake na kukifanya pambo la sentensi. Jambo likipewa jina la lisilosemeka kabla halijasemwa, waliolitenda hupata pa kujificha, na waliotendewa hupotea pamoja na majina yao.

Basi twapendekeza njia nyepesi ya kulifundisha neno hili. Mwanafunzi akiliandika, tusilikate kwa wino mwekundu. Tumwombe ataje kwanza vitu vitatu vilivyoonekana, sauti moja iliyosikika, na mtu mmoja kwa jina au kwa kazi yake. Kisha alisome upya neno lake. Mara nyingi ataliona halina kazi tena, atalifuta mwenyewe. Pengine atalibakiza, na hapo litakuwa limepata haki ya kukaa, maana limetanguliwa na jaribio. Na sisi tunaosahihisha tujiulize swali hilo hilo kila tunapoandika pembezoni "insha nzuri isiyo kifani": tumeilinganisha na ipi?