Kuwahi Kinachozimika

Wavuvi wa omena kule Usenge, ufukweni mwa Bondo, hawana urafiki na mbalamwezi. Usiku wa giza hushusha taa ziwani, omena wakazifuata, nyavu zikapandishwa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga hutapakaa kote na taa hukosa mvuto. Wapo wengine wanaoununia mwezi vivyo hivyo: wawindaji wa milipuko ya miale ya gamma.

Windo lao halingoji mtu. Nyota kubwa inakufa, mlipuko unadumu sekunde au dakika chache, na nuru inayobaki inafifia kadiri unavyoitazama. Mpaka mtu aamke, avae viatu, afungue paa la darubini, amekwisha kuchelewa. Ndipo kazi ikakabidhiwa darubini zinazojiendesha. Tarehe 23 Januari 1999 setilaiti ilipiga mbiu, na ROTSE-I, mtambo mdogo wa Los Alamos, Marekani, ukapiga picha ya kwanza sekunde 22 baada ya mlipuko kuanza. Nuru ile ilikuwa imesafiri zaidi ya miaka bilioni 9.

Wengi husifu kasi. Mimi namsifu aliyeketi mchana akaandika programu: mbiu ikilia, uache kazi gani? Wingu likiziba, ungoje hadi lini? Mvuvi naye hukagua nyavu na taa jua lingali juu, kwa kuwa katikati ya ziwa hakuna fundi.

Kenya si mgeni wa ufundi huu, ingawa Malindi tunaijua zaidi kwa hoteli. Setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengwa kwa uchunguzi wa eksirei za angani, ilirushwa huko tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri. Swift nayo, mwindaji wa milipuko aliyerushwa mwaka 2004 na kupewa jina la ndege anayefanana na mbayuwayu, imekuwa ikishusha data zake Malindi.

Darubini yenyewe nisingeshauri isimikwe Bondo. Radi za usiku za Ziwa Victoria tunazijua. Programu haina shida na mawingu. Inaweza kuandikwa hapa, katika Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga, ikaongoza darubini iliyoko Sutherland, Afrika Kusini. Walimu wa Bondo, waanzisheni vijana na kidogo kilichopo. Macho ya ROTSE-I yalikuwa lenzi nne za kamera.